Eneo dogo, madhara makubwa: uchambuzi wa jaribio la RAPID

Ukipunguza eneo linalopigwa mionzi, unatarajia madhara nayo yapungue. Hoja hiyo ndiyo iliyowasukuma wataalamu wa saratani ya matiti kujiuliza: mwanamke aliyegunduliwa mapema, uvimbe wake mdogo ukaondolewa na titi likaachwa, kuna haja gani ya kulipiga mionzi titi zima? Saratani ikirudi ndani ya titi hilo, mara nyingi hurudi karibu na palepale ilipokuwa. Basi pigeni palipotolewa uvimbe na pembezoni mwake, muiachie salama ngozi iliyobaki, mbavu, pafu na moyo. Na kwa kuwa eneo ni dogo, ongezeni dozi ya kila kipindi, mgonjwa amalize ndani ya wiki moja badala ya wiki tatu hadi tano.

RAPID ni jaribio lililoichukua hoja hiyo na kuipima kwa wanawake 2,135. Saratani haikuleta tatizo. Tatizo lilikuja kwenye titi lenyewe, na lilikuja kwa kuchelewa, wakati wengi walishaamini kwamba njia hii ni laini kuliko ile ya zamani.

Jaribio liliongozwa kutoka Hamilton, jimbo la Ontario nchini Kanada, chini ya Dkt. Timothy Whelan, na lilihusisha vituo 33 vya Kanada, Australia na New Zealand. Usajili ulianza Februari 2006 ukafungwa Julai 2011. Walioingia walikuwa na miaka 40 au zaidi, uvimbe usiozidi sentimita 3 na matezi ya kwapani yasiyo na saratani. Wengine walikuwa na ile ya hatua ya awali kabisa ambayo bado haijatoka ndani ya mifereji ya maziwa. Kundi moja lilipigwa titi zima, kipindi kimoja kwa siku: grei (kipimo cha dozi ya mionzi) 42.5 kwa vipindi 16, au grei 50 kwa vipindi 25. Kundi la pili lilipigwa sehemu tu ya titi: grei 38.5 kwa vipindi 10, viwili kila siku, asubuhi na alasiri, vikitenganishwa na saa sita au zaidi. Ndani ya siku tano hadi nane mgonjwa alikuwa amemaliza.

Whelan hakuwa mgeni katika kufupisha tiba. Yeye na wenzake wa Ontario ndio walioonyesha, kwa jaribio lililofuatilia wanawake kwa miaka kumi, kwamba vipindi 16 vinatosha mahali ambapo dunia ilikuwa inatoa 25. Walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba hatua inayofuata nayo ingekubali.

Wiki za mwanzo zilisema ndiyo. Madhara ya mapema, yale yanayotokea ndani ya miezi mitatu, yaliyofikia daraja la pili au zaidi kwa ukali yalionekana kwa asilimia 28 ya waliopigwa sehemu, dhidi ya asilimia 45 ya waliopigwa titi zima. Haya ndiyo madhara ambayo mgonjwa na ndugu zake huyaona: ngozi kuwaka na kuwa nyekundu, kubabuka na kutoa maji kwenye mkunjo chini ya titi, titi kuvimba, uchovu. (Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kinachoonekana ni ngozi kuzidi kuwa nyeusi, kisha kubabuka. Vipimo vya daraja vilivyojengwa juu ya wekundu vinaweza kumwandika mama wa Tanga kuwa hana shida wakati hawezi hata kuvaa sidiria.) Kwa hesabu ya wiki hizo, tiba mpya ilikuwa imeshinda, tena kwa mbali.

Mwaka 2013 Ivo Olivotto na watafiti wenzake wa RAPID wakatoa taarifa ya katikati ya safari. Wauguzi waliofunzwa walikuwa wanayapima matiti kwa utaratibu mmoja: titi lililotibiwa linalinganishwa na la upande wa pili ambalo halikuguswa, kwa ukubwa, umbo, mahali chuchu ilipo, rangi ya ngozi, kovu, na vimishipa vyekundu vyembamba kama nyuzi vinavyojitokeza juu ya ngozi. Halafu linapewa alama: bora sana, zuri, wastani, baya. Baada ya miaka mitatu, asilimia 29 ya waliopigwa sehemu waliangukia wastani au baya, dhidi ya asilimia 17 ya waliopigwa titi zima. Wanawake wenyewe walipojipima, ilikuwa 26 dhidi ya 18. Madaktari waliotazama picha walitoa alama kali zaidi: 35 dhidi ya 17.

Tuseme ni tofauti za macho ya watu. Lakini macho matatu tofauti, la muuguzi, la mgonjwa na la daktari, yote yalielekea upande mmoja.

Matokeo kamili yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019, wanawake wakiwa wamefuatiliwa kwa wastani wa miaka 8.6. Ndani ya miaka minane saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa asilimia 3.0 ya waliopigwa sehemu na asilimia 2.8 ya waliopigwa titi zima. Kwa upande wa kuzuia saratani, basi, njia fupi haikupitwa na ndefu kwa kiwango walichojiwekea watafiti. Ila madhara ya baadaye ya daraja la pili au zaidi yalikuwa asilimia 32 dhidi ya 13. Na pengo la mwonekano halikuwa linaziba. Katika mwaka wa tatu lilikuwa pointi 11 hivi, mwaka wa tano 16.5, mwaka wa saba 17.7.

Pengo linalozidi kupanuka ndilo linalonifanya nikitazame kisa hiki kama ushahidi wa kitu maalumu kilichokwenda kombo, wala si bahati mbaya ya takwimu. Kidonda cha kawaida hupona kadiri siku zinavyokwenda. Hapa titi lilikuwa linaendelea kukakamaa.

Nini hutokea ndani

Mionzi hukata nyuzi za DNA ndani ya seli, za saratani na za kawaida pia. Seli zenye afya huzikarabati vizuri zaidi zikipewa muda. Ngozi ya juu hujigawa haraka, kwa hiyo ikiumia huonyesha mapema, ikapona mapema. Tishu za chini yake, yaani mafuta, mishipa midogo ya damu na nyuzi zinazoshikilia titi, hujigawa polepole. Jeraha lake hukaa kimya kwa miezi, kisha seli zinazotengeneza nyuzi huanza kumwaga kolajeni zikichochewa na kemikali za mwili, mojawapo ikiwa TGF-beta, bila kujua pa kukoma. Matokeo yake mgonjwa huyagusa kwa kidole kabla hajayaona kwenye kioo: chini ya kovu pana kitu kigumu, hakisogei vizuri, titi limevutwa kuelekea huko, na akilala kwa ubavu panauma. Baadaye huja vimishipa vyekundu, titi kusinyaa, na pengine mafuta ya ndani kufa na kufanya gololi ngumu. Mbavu kuvunjika na pafu kuvimba kutokana na mionzi hutokea pia, ila ni nadra.

Tabia muhimu ya tishu hizi za polepole ni kwamba haziumizwi sana na jumla ya dozi kama zinavyoumizwa na ukubwa wa dozi ya kila kipindi. Ndiyo maana wataalamu wa fizikia ya mionzi hawalinganishi grei kwa grei. Hubadilisha kila ratiba iwe kana kwamba ilitolewa kwa vipindi vya grei 2, wakitumia kigezo ambacho kwa tishu za titi hukadiriwa kuwa grei 3 hivi. Hesabu yenyewe ni ya penseli: zidisha jumla ya dozi kwa dozi ya kipindi ikijumlishwa na 3, kisha gawa kwa 5. Grei 42.5 kwa vipindi 16 inatoa karibu 48. Grei 50 kwa vipindi 25 inabaki 50. Grei 38.5 za RAPID, ambazo kwa jicho la kawaida zinaonekana chache kuliko zote, zinapanda hadi karibu 53.

Hapo tayari dozi ni nzito kidogo, lakini 53 haitoshi kueleza tofauti ya 32 na 13. Jaribio lililofanyika Florence, Italia, kwa wanawake 520, liliwapa wa sehemu grei 30 kwa vipindi vitano. Fanya hesabu hiyohiyo upate 54, juu kidogo ya RAPID. Na bado pale Florence madhara ya baadaye ya aina yoyote yalikuwa asilimia 4.5 kwa waliopigwa sehemu, dhidi ya 30 kwa waliopigwa titi zima. Kinyume kabisa cha RAPID.

Florence walitoa vipindi vyao siku moja ndiyo, moja hapana.

Saa sita

Ukarabati wa DNA kwenye tishu za polepole hauishi kwa saa sita. Uingereza iliwahi kufanya jaribio lililoitwa CHART, ambapo wagonjwa wa saratani za kichwa na shingo walipigwa mionzi mara tatu kwa siku, kila baada ya saa sita, siku 12 mfululizo. Kutokana na takwimu zake, Søren Bentzen na wenzake walikadiria mwaka 1999 kwamba kwa ukakamavu wa tishu za chini ya ngozi, nusu ya jeraha hukarabatiwa kwa saa 4.4. Chukua namba hiyo uende nayo. Mgonjwa akipigwa saa mbili asubuhi, ikifika saa nane mchana bado karibu asilimia 39 ya jeraha la asubuhi halijafungwa, na hapohapo linawekwa jipya juu yake, kama fundi anayepiga lipu ya pili kabla ya kwanza haijakauka. Akisubiri siku nzima, linalobaki ni asilimia 2 au 3 tu.

Ukiingiza salio hilo la asubuhi kwenye hesabu ya grei 38.5, ile 53 inaruka hadi karibu 64. Sasa tofauti inaeleweka. Wanawake wa kundi la sehemu walipata, kwa jinsi tishu zao zilivyohisi, dozi kubwa kuliko hata titi zima pamoja na nyongeza ya kawaida ya mionzi kwenye kovu. Florence, kwa kupumzika saa 48 hivi, walibaki na 54 yao bila riba.

Swali linalofuata ni kwa nini basi mtu alichagua mara mbili kwa siku. Jibu liko kwenye historia ya mirija. Kabla ya mashine za nje kutumika kwa kazi hii, sehemu ya titi ilipigwa mionzi kwa kupenyeza mirija myembamba ndani ya titi na kupitisha chanzo cha mionzi humo. Mwanamke hawezi kukaa na mirija imetokeza kifuani kwa wiki tatu. Anapata maambukizi, halali vizuri. Kwa hiyo ratiba ilibanwa: grei 34 kwa vipindi 10, viwili kwa siku, siku tano, mirija itolewe, aende nyumbani. Hospitali ya William Beaumont huko Michigan, Marekani, ilikuwa mstari wa mbele kwenye kazi hiyo, na ilipohamishia wazo hili kwenye mionzi ya nje, vipindi viwili kwa siku vilihama navyo, dozi ikapandishwa kufikia 38.5. Mirija iliachwa, ratiba yake ikabaki. Sijaona sababu ya kibiolojia iliyodai mwanamke asiye na mrija mwilini apigwe mara mbili kwa siku, na makadirio ya CHART yalikuwa yamechapishwa miaka saba kabla ya mgonjwa wa kwanza wa RAPID.

Mtu anaweza kunijibu: mbona wa mirija hawakuharibika? Ni hoja nzito. Jaribio la Ulaya la GEC-ESTRO, lenye wanawake 1,184, lilitumia mirija, na madhara yake ya baadaye hayakuzidi ya titi zima. Saa sita peke yake haielezi kila kitu. Jambo la pili ni ujazo.

Mirija ikiwa ndani ya titi, titi likisogea nayo inasogea. Mashine ya nje inapiga kutoka mbali, mgonjwa anapumua, leo amelala hivi kesho vile, kwa hiyo lazima ongezeko la pembeni liwepo ili lengo lisikoswe. RAPID waliongeza sentimita moja kuzunguka shimo la upasuaji kwa ajili ya saratani iliyojificha, kisha sentimita nyingine moja kwa ajili ya pumzi na mkao. Sentimita moja inasikika ndogo. Chukua shimo la mviringo lenye nusu kipenyo cha sentimita 1.5: ujazo wake ni kama mililita 14. Ongeza sentimita ya kwanza, unafika 65. Ongeza ya pili, unafika 180. Hata ukipunguza kipande kinachoangukia nje ya ngozi au ukutani mwa kifua, mwanamke wa mashine ya nje anaweza kuwa na zaidi ya mara mbili ya tishu zilizokula dozi kamili, ukimlinganisha na wa mirija. Uchambuzi wa baadaye wa wanawake wa RAPID ulielekea hukohuko: uwiano wa eneo la dozi kamili na titi zima ulipokuwa mkubwa, mwonekano ulikuwa mbaya zaidi. Uvutaji sigara nao ulichangia.

Ukitaka kutenganisha mambo haya mawili, kuna jaribio dogo la Chuo Kikuu cha Michigan lililotumia mihimili ya mionzi iliyochongwa kwa ustadi mkubwa pamoja na kudhibiti pumzi ya mgonjwa, ili ujazo upungue. Ratiba ilikuwa ileile ya 38.5 kwa 10, mara mbili kwa siku. Mwaka 2010 Reshma Jagsi na wenzake waliripoti kwamba walilifunga mapema kwa sababu ya mwonekano usiokubalika wa matiti. Ndiyo maana, kati ya sababu mbili, mimi naipa saa sita uzito mkubwa kuliko ujazo. Ustadi wa mashine haukuiokoa ratiba.

Wapo wanaotaja jaribio la Marekani la NSABP B-39, kubwa maradufu, lenye wanawake 4,216, lililochapishwa wakati mmoja na RAPID; humo wengi wa kundi la sehemu walitumia 38.5 ileile ya mashine ya nje bila kishindo kama hiki. Lakini kundi lao la titi zima lilipata grei 50 na wengi wakaongezewa kwenye kovu, wakati Kanada kulinganisha kulikuwa na 42.5 iliyokuwa nyepesi. Ukilinganisha na kitu kizito, hata kizito kingine kinaonekana cha kawaida. Tahadhari hiyohiyo inawahusu Florence: titi zima lao lilipata 50 pamoja na nyongeza ya 10, kwa hiyo sehemu ya ushindi wao ni uzito wa mpinzani.

Kinachoonyesha ukweli wa jambo bila mzozo huo ni IMPORT LOW ya Uingereza. Wanawake 2,018 katika makundi matatu, vipindi 15, mara moja kwa siku kwa kila kundi. Kati ya kundi la titi zima na kundi la sehemu tu, yote mawili kwa grei 40, kilichobadilika ni eneo tu. Hapo hoja ya mwanzo ilipewa haki yake: waliopigwa sehemu waliripoti mabadiliko machache ya mwonekano na ugumu mdogo wa titi, na saratani ndani ya miaka mitano ilirudi kwa asilimia 0.5 dhidi ya 1.1. Eneo likipungua peke yake, madhara hupungua kweli. Mwaka 2023 mwongozo wa chama cha madaktari wa mionzi cha Marekani, ASTRO, ukasema kwa mionzi ya nje kipindi kimoja kwa siku, au siku moja ndiyo moja hapana, kinapendekezwa kuliko viwili kwa siku, kwa sababu ya madhara ya baadaye.

Kwetu, wanaofaa kwa tiba ya sehemu bado ni wachache, maana wengi hufika hospitali uvimbe umeshakuwa mkubwa na titi huondolewa lote. Lakini hamu ya kufupisha ipo, na ina msingi. Mama aliyetoka Kigoma akapanga chumba Dar es Salaam kusubiri zamu Ocean Road anahesabu kodi na nauli, siyo grei. Ukimwambia wiki moja, atakubali kabla hujamaliza sentensi. Habari njema ni kwamba siku chache zinapatikana bila kubana saa: vipindi vitano vya Florence, au grei 26 kwa vipindi vitano vya titi zima kutoka jaribio la FAST-Forward la Uingereza, ambazo kwa hesabu yetu ya penseli ni karibu 43 tu. Zote ni mara moja kwa siku inayohusika. Akiambiwa asubuhi na alasiri, ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kwa mwanamke ambaye alishapigwa mara mbili kwa siku, hapa au ng'ambo, jambo la kuangalia ni gololi ngumu inayojitokeza karibu na kovu mwaka wa pili, wa tatu au zaidi. Mara nyingi huwa ni mafuta yaliyokufa au kovu la mionzi, lakini kwa kidole haiwezi kutofautishwa na saratani iliyorudi, na kwenye mamografia inaweza kufanana nayo. Inahitaji picha, na picha isipojibu, kichukuliwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Daktari atakayemwona huenda hajui alitibiwaje, kwa hiyo aende na karatasi yake inayosema alipigwa grei ngapi, kwa vipindi vingapi, na vingapi kwa siku.